Modeli Inasema Salama, Dirishani Kiti Kimoja Kina Watu Wawili: Utatuzi wa Matatizo ya Modeli za Hali

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye ameshaandika modeli ya mfumo wake, ameiendesha kwenye kikaguzi (programu inayopitia kila hali ambayo modeli inaweza kuifikia) au kwenye uigaji, na sasa anatazama jibu asilolielewa. Haukufundishi kuanza. Unachukua dalili, unatafuta chanzo chake, kisha unaeleza la kufanya.

Mfano wa kazi ni mfumo wa kubuni wa kuuza tiketi za boti kati ya bandari ya Malindi, Unguja, na Mkoani, Pemba. Kuna karani Unguja na karani Pemba, kuna abiria wanaolipa kwa simu, na hifadhidata ni moja. Kila kiti kina hali nne: wazi, kimeshikwa, kimelipiwa, kimepandwa. Hakuna nusu ya hali. Kiti ama kimeshikwa ama hakijashikwa, na kila badiliko ni mruko mmoja, yaani mpito, unaosababishwa na tukio: karani ameshika, malipo yameingia, muda umekwisha, abiria amepanda, safari imeahirishwa kwa sababu kusi limechafuka.

Nikitaja tabia ya chombo fulani, nazungumzia SPIN, aliyoianzisha Gerard Holzmann huko Bell Labs, au TLC, kikaguzi cha lugha ya TLA+ ya Leslie Lamport. Vyombo vingine vina tabia za jirani na hizo.

Hakuna kosa, na imemaliza kwa sekunde moja

Jibu hili hufurahisha, ndiyo maana ni la kulitilia shaka kabla ya mengine. Kikaguzi hakidanganyi, ila kimepewa modeli isiyofika popote. Tuseme umeandika sharti kwamba kila aliyelipa hatimaye atapata kiti. Kama ndani ya modeli hakuna njia hata moja ya abiria kulipa, sharti hilo ni kweli tupu: hakuna aliyelipa, kwa hiyo hakuna aliyedhulumiwa.

Vyanzo huwa vidogo sana. Umeandika "na" pahala pa "au" kwenye sharti la mpito. Thamani ya mwanzo imekifanya kila kiti kiwe kimelipiwa tangu mwanzo. Ujumbe unatumwa kwenye njia ambayo hakuna anayeisoma. SPIN ikimaliza kazi hutoa orodha ya sehemu za modeli ambazo hazikufikiwa kamwe, lakini watu huiruka kwa sababu wameshaona makosa ni sifuri juu yake. TLC nayo inaweza kukuonyesha kila kitendo kimetumika mara ngapi. Kitendo chenye sifuri hakipo, hata kama umekiandika vizuri namna gani.

Kuna hila ninayoipenda kuliko orodha zote hizo. Kiambie kikaguzi kithibitishe uongo: "kamwe hakuna kiti kitakacholipiwa." Kikishindwa, kitakupa mlolongo wa hatua unaoishia kwenye kiti kilicholipiwa, na hapo umepata ushahidi kwamba malipo yanawezekana, tena unaweza kuusoma hatua kwa hatua. Kikifaulu, umeushika ugonjwa. Fanya hivyo kwa kila hali unayoijali. Kisha iharibu modeli kwa makusudi: ondoa kufuli la kiti, lile linalozuia wawili kukishika kwa pamoja, na uendeshe upya. Ikiendelea kusema salama bila kufuli, basi hata mwanzo haikuwa inalinda kitu.

Chanzo kingine ni cha SPIN peke yake na kimewapotosha wengi. Usipoiambia vingine, SPIN huchimba hadi hatua 10,000 kwa kina. Ikigota hapo hutoa onyo, inarudi nyuma, inashika njia nyingine, na mwishoni bado inaweza kuandika makosa sifuri. Sifuri hiyo ni ya sehemu iliyotazamwa tu. Ongeza kina hadi onyo liondoke, ndipo uiamini.

Kumbukumbu ya kompyuta imejaa kabla ya jibu

Huu ndio mlipuko wa hali, na kununua kompyuta kubwa zaidi hakuuponyi. Fanya hesabu kwanza. Kiti kimoja kina hali 4. Viti 10 vina hali 4 × 4 × 4 na kuendelea, nne kumi zikizidishana, yaani 1,048,576, na hizo zinabebeka. Viti 20 vinakupa 1,099,511,627,776. Hapo bado hujaweka karani, ujumbe wala malipo.

Jiulize: je, kiti namba 7 kina tofauti yoyote na kiti namba 12 kwa swali unalouliza? Kama swali ni iwapo kiti kinaweza kuuzwa mara mbili, havina tofauti. Basi acha kukumbuka kiti kipi kiko hali ipi, kumbuka tu vingapi viko kwenye kila hali. Viti 20 katika hali 4 kwa namna hiyo vina mipangilio 1,771 badala ya trilioni moja na ushee. Hapa ndipo mitandao ya Petri inapofaa, ile aliyoianzisha Mjerumani Carl Adam Petri katika tasnifu yake ya mwaka 1962: sehemu nne kwa hali nne, vidonge ishirini kwa viti ishirini, na kila tukio linahamisha kidonge kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Ukitaka kubaki na TLC, tangaza seti ya viti kuwa ni ya vitu vinavyobadilishana bila kuathiri maana, nacho kikaguzi kitapunguza chenyewe.

Mwizi wa pili wa kumbukumbu ni saa. Mwanafunzi anaandika kwamba kiti hushikwa kwa dakika 15, anaweka kihesabu cha sekunde kutoka 900 hadi 0. Kiti kimoja sasa kina hali 904: tatu zisizo na saa, na 901 za kushikwa. Viti viwili ni 817,216. Vitatu ni 738,763,264. Viti vitatu tu, hata benchi moja la boti halijajaa.

Dawa ni kuondoa sekunde kabisa na kuacha tukio moja, muda umekwisha, linaloweza kutokea wakati wowote kiti kikiwa kimeshikwa. Ila ujue umefanya nini. Modeli isiyo na saa ina matukio mengi kuliko mfumo wa kweli, kwa sababu ndani yake muda unaweza kwisha hata sekunde ile ile kiti kiliposhikwa. Ikisema "kiti hakiuzwi mara mbili," neno hilo linafika hadi kwenye mfumo wa kweli, kwa kuwa imetazama zaidi ya yanayowezekana. Ikikuonyesha kosa, huenda kosa hilo haliwezi kutokea ukiwepo muda wa kweli, na ni juu yako kulipima. Kinyume chake, ukipunguza makarani kutoka sita hadi wawili umepunguza matukio. Hapo kosa likionekana ni la kweli, lakini neno "salama" lina maana ya salama kwa makarani wawili. Kila unaporahisisha, andika pembeni umeelemea upande upi. Asiyeandika hawezi kueleza jibu lake baada ya mwezi, na sijaona anayeweza.

Kumbukumbu ipo, lakini haimalizi

Tazama idadi ya hali zinazosubiri kutembelewa. Kama inapanda siku nzima bila kupungua, kuna kitu kisicho na kikomo: namba ya tiketi inayoongezeka daima, orodha ya ujumbe isiyo na ukubwa, kumbukumbu ya kila kilichopita. Namba ya tiketi mara nyingi haihitajiki kabisa kwenye modeli. Orodha ya ujumbe ipe nafasi mbili au tatu. Basi.

Kikaguzi kimeridhika, na kiti kimeuzwa mara mbili kweli

Hili ndilo linalokera kuliko yote, kwa sababu mtu alifanya kazi yake na bado Mkoani mama wawili wamesimama mbele ya kiti namba 14, kila mmoja na tiketi yake mkononi.

Anza kwa kutazama ukubwa wa hatua. Kwenye modeli uliandika hivi: kama kiti ni wazi, karani anakishika. Kwa kikaguzi huo ni mpito mmoja, haukatiki katikati. Kwenye programu ni vitu viwili, kusoma na kuandika, na baina yake kuna mtandao unaopita chini ya bahari. Gawa mpito huo mara mbili, kikaguzi kitakuletea mlolongo huu bila kusita:

1. Malindi anasoma kiti 14: wazi.
2. Mkoani anasoma kiti 14: wazi.
3. Malindi anaandika: kiti 14 kimeshikwa na Malindi.
4. Mkoani anaandika: kiti 14 kimeshikwa na Mkoani.

Hatua ya nne imefuta ya tatu, na Malindi hana habari. Wote wawili wanaendelea kupokea fedha.

Kwenye Promela, lugha ya SPIN, kosa hili huingia kupitia neno `atomic`, linalofanya hatua kadhaa zihesabiwe moja, lililowekwa ili kuokoa kumbukumbu. Kwenye PlusCal, lugha inayotafsiriwa kuwa TLA+, huingia kupitia lebo: kila kilicho baina ya lebo moja na inayofuata huhesabiwa hatua moja, kwa hiyo lebo chache ni hatua kubwa. Kanuni ninayoishika ni kwamba hatua moja ya modeli isizidi kile ambacho hifadhidata au prosesa inakihakikishia kuwa hakikatwi. Kama huna uhakika wa dhamana hiyo, gawa.

Tiba ndani ya programu ni kuifanya hatua iwe moja kweli: amri moja kwa hifadhidata inayosema badilisha kiti 14 kiwe kimeshikwa iwapo sasa ni wazi, kisha nipe idadi ya mistari iliyobadilika. Ikirudi sifuri, mwenzako amekutangulia, mwambie abiria achague kiti kingine. Ukishaiandika hivyo, una haki ya kurudisha mpito mmoja kwenye modeli.

Hali ile ile inatoa matokeo mawili

Unaingiza tukio lile lile kwenye hali ile ile, mara hii jibu ni moja, mara nyingine ni jingine, na hukukusudia bahati nasibu. Maana yake si hali ile ile. Kuna kitu mfumo unakikumbuka ambacho hukukiandika.

Mchezaji wa bao la Kiswahili analijua jambo hili bila kompyuta. Ubao una mashimo 32 na mchezo una kete 64. Mgeni akipiga picha ya ubao hudhani amenasa hali yote. Hajainasa. Hajui ni zamu ya nani, hajui kama wachezaji bado wananamua na kila mmoja ana kete ngapi mkononi, wala hajui kama nyumba ingali nyumba au imeshapoteza haki yake. Ubao mmoja kwa macho, michezo miwili tofauti.

Kwenye tiketi zetu, hali mbili za kimeshikwa hufanana kwenye skrini, lakini moja ombi la malipo limeshatumwa kwenye simu ya abiria na nyingine bado. Muda ukiisha kwenye ya pili, kiti kinaachiliwa bila madhara. Ukiisha kwenye ya kwanza, fedha zinaweza kuingia baada ya kiti kupewa mtu mwengine. Tenganisha hali hizo. Ukiona modeli yako inahitaji maneno "inategemea ilifikaje hapo," tayari unajua hali imepungukiwa.

Kikaguzi kinalalamika kuhusu mkwamo

Kuna mikwamo miwili, yaani hali zisizo na hatua inayofuata, na wa kwanza si kosa. Boti imeondoka, viti vyote vimepandwa, hakuna tukio lililobaki. TLC huita hali hiyo mkwamo usipoiambia vinginevyo. Wengi hukasirika na kuizima kabisa tahadhari hiyo, na hapo wameizima hata kwa mkwamo wa kweli. Afadhali uruhusu hatua ya kubaki palepale kwa hali hiyo moja tu ya boti imeondoka. Kwenye SPIN unaweka lebo inayoanza na neno `end` pale mchakato unaporuhusiwa kuishia.

Wa kweli unatokea kwenye tiketi ya kwenda na kurudi. Karani wa Malindi anafunga orodha ya safari ya kwenda Pemba kisha anataka ya kwenda Unguja. Karani wa Mkoani anaanza na ya kwenda Unguja kisha anataka ya kwenda Pemba. Kila mmoja ameshika kile mwenzake anachokingoja. Coffman na wenzake waliandika mwaka 1971 kwamba mkwamo unahitaji mambo manne kwa pamoja: kitu kisichotumiwa na wawili, kushika huku unangoja, kutonyang'anywa, na kungojeana kwa mduara. Ukivunja moja, mkwamo haupo. Rahisi zaidi kuvunja ni mduara: kila safari ina namba, na kila karani hufunga yenye namba ndogo kwanza, awe Unguja au Pemba.

Wapo wanaopendelea kuvunja la tatu kwa kuweka muda: ukingoja sana, achia ulichoshika ujaribu tena. Inafanya kazi, ila endesha kikaguzi baada yake. Utaona mlolongo ambamo wote wawili wanashika, wote wanaachia, wote wanashika tena, na abiria hapati tiketi ingawa kompyuta haijasimama hata kidogo. Muda wa kungoja uwe tofauti kwa kila mmoja, au rudi kwenye namba.

"Hatimaye" haitimii

Umeuliza kama kila aliyeshika kiti hatimaye atakipata au atakiachia. Kikaguzi kinakataa, kinakupa mduara: mtandao unasema bado, bado, bado, milele. Unacheka, unasema mtandao haufanyi hivyo.

Masharti ya aina hii, ya jambo litakalotokea mbele, yaliingia kwenye uchambuzi wa programu kupitia Amir Pnueli mwaka 1977, na tangu hapo swali la nani ana wajibu wa kusonga halikwepeki. Kikaguzi hakijui kwamba mtu anaweza kuchoka. Lazima ukiambie, na ahadi ya kwamba kitendo hakitacheleweshwa milele huitwa haki. Haki dhaifu husema kwamba kitendo kikiwa kinawezekana mfululizo bila kukatika, hatimaye kitafanyika. Haki kali husema kwamba kitendo kikiwa kinawezekana tena na tena, hata kama kwa vipindi, hatimaye kitafanyika. Karani wa Mkoani anayengoja kufuli linaloachiwa na kuchukuliwa tena na Malindi kila mara hawezi kuokolewa na haki dhaifu, kwa sababu nafasi yake hukatika.

Ugumu ni kujua nani umpe haki. Kipe kihesabu muda cha programu yako, maana hicho ni chako na unajua kitaendelea. Usimpe abiria. Abiria anaweza kuona bei, akazima simu, akaenda zake Chake Chake kwa gari. Ukimpa haki ya kulipa, umeandika kwamba kila anayeshika kiti lazima alipe, na sharti lako litapita kwa ubora wa wateja ambao hawapo. Mtandao wa simu uko katikati: ukiupa haki, andika wazi kwamba matokeo yako ni ya siku ambayo mtandao unarudi.

Umeme umerudi, viti havikurudi

Dalili: baada ya seva kuwashwa, viti kadhaa vimebaki kimeshikwa na hakuna mtu anayevishika. Au kibaya zaidi, abiria ana ujumbe wa malipo na mfumo haumjui.

Chanzo karibu siku zote ni kwamba kukatika kwa umeme hakumo kwenye modeli. Visiwani hakuna kisingizio cha kulisahau hilo. Unguja nzima ilikaa gizani mwaka 2008, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, kwa hitilafu za njia ya umeme unaotoka bara chini ya bahari. Huhitaji giza la miezi, sekunde moja inatosha.

Gawa vigezo vya modeli mafungu mawili: vilivyoandikwa diskini na vilivyo kwenye kumbukumbu ya muda. Ongeza tukio la kukatika linaloweza kutokea kwenye hali yoyote ile, ambalo linafuta fungu la pili na kuacha la kwanza. Kihesabu muda cha kiti kilikuwa fungu gani? Kwenye programu nyingi kiko kwenye kumbukumbu ya muda, ndiyo maana kiti kinabaki kimeshikwa: aliyepaswa kukiachia amekufa na umeme. Andika diskini saa ambayo kiti kitaachiliwa, kisha seva ikiamka ipitie viti vyote.

Malipo yana mtego wake. Programu inapokea taarifa kutoka kwa kampuni ya simu, inajibu "nimepokea," halafu inaandika diskini. Umeme ukikatika baina ya kujibu na kuandika, kampuni ya simu imeridhika na haitatuma tena. Geuza mpangilio: andika kwanza, jibu baadaye. Sasa kikaguzi kitakuletea kosa jipya, taarifa ile ile ikifika mara mbili, kwa kuwa umeme unaweza kukatika baada ya kuandika na kabla ya kujibu. Hili linatibika: kila malipo yana namba yake, na namba iliyokwisha kuandikwa ikija tena haibadilishi kitu. Kwenye modeli ruhusu umeme ukatike mara mbili tu kwa kila uendeshaji, la sivyo utarudi kwenye mlipuko wa hali.

Takwimu za foleni hazifanani na foleni

Hadi hapa swali lilikuwa linawezekana au haliwezekani. Mara tu unapouliza watu watangoja muda gani, kila mpito unahitaji kasi, na hali ya mfumo inakuwa idadi ya watu walio mbele ya dirisha: 0, 1, 2 na kuendelea.

Dalili ya kwanza ni jibu linaloruka. Chukua dirisha moja linalohudumia watu 20 kwa saa, watu 18 wakifika kwa saa, kufika na kuhudumiwa vyote vikiwa kwa nasibu. Kwa fomula ya foleni ya aina hiyo, muda wa wastani ndani ya mfumo ni 1 gawanya kwa tofauti ya 20 na 18, yaani nusu saa. Akiongezeka mtu mmoja tu kwa saa, wakawa 19, muda unakuwa saa nzima. Mtu mmoja zaidi, muda mara mbili. Sasa uigaji wako ukibadilika sana kila unapobadilisha mbegu ya namba za nasibu (namba inayozianzisha), pengine hauna kosa: uko karibu na ukingo, na hapo ndipo foleni huhitaji uigaji mrefu kuliko kawaida. Endesha mara nyingi kwa mbegu tofauti, toa wastani pamoja na upana wake, na tupa sehemu ya mwanzo ambamo foleni ilikuwa bado tupu.

Dalili ya pili ni namba zisizokubaliana zenyewe kwa zenyewe. Kanuni ambayo John Little aliithibitisha mwaka 1961 inasema wastani wa idadi ya watu ndani ni sawa na kasi ya kufika mara wastani wa muda wa kukaa. Kwa mfano wetu, 18 mara nusu saa ni watu 9. Kanuni hii haijali watu wanafika kwa mtindo gani, kwa hiyo ni kipimo kizuri cha programu yako ya uigaji. Ikitoa watu 9 na dakika 20, kuna mahali unahesabu vibaya. Tazama kwanza kama muda unaupima kwa waliomaliza tu, ilhali watu unawahesabu wote waliosimama. Waliobaki kwenye foleni uigaji ulipokwisha ndio waliongoja sana, na umewaacha nje.

Dalili ya tatu haiponi kwa mbegu wala kwa muda mrefu: namba ni safi, na karani akiziona anatikisa kichwa. Hesabu hizo zote zinadhani foleni ina muda wa kutulia. Bandarini haina. Watu hawafiki mmoja mmoja, wanashuka kwenye daladala kwa mkupuo, na boti ina saa yake ya kuondoka. Ukiwa na madirisha matatu ya watu 20 kwa saa, yaani 60, na watu 150 wakaingia katika saa ya mwisho, 90 watakuwa bado wamesimama na kuwamaliza kunataka saa moja na nusu nyingine. Kwa hesabu hiyo huhitaji nasibu wala fomula. Siku ya kuamkia Sikukuu, au msimu wa karafuu unapoanza Pemba, wastani wa mwaka haukwambii chochote. Iga asubuhi moja, kuanzia dirisha linapofunguliwa hadi kamba inapofunguliwa, na uirudie asubuhi hiyo mara nyingi.

Mlolongo wa kosa una hatua elfu nne

Usiusome. SPIN hutafuta kwa kina kwanza, ndiyo maana hupinda sana kabla ya kufika. Iambie itafute njia fupi zaidi, au itafute kwa upana. TLC kwa kawaida hutafuta kwa upana, kwa hiyo mlolongo wake wa kosa la usalama, yaani la jambo baya kutokea, huwa mfupi wenyewe.

Modeli iko sawa, programu imekwenda njia yake

Mwezi wa kwanza vinafanana. Baadaye mtu anaongeza kitufe kwenye programu, modeli haijui. Dalili huwa ni makosa ambayo huwezi kuyarudia kwenye kikaguzi hata ufanyeje.

Chukua kumbukumbu za matukio za programu na uzipitishe kwenye modeli mstari kwa mstari: hali ya kabla, tukio, hali ya baada. Mstari usio na mpito unaolingana nao ndio wa kusimama. Ama programu ina kosa, ama dirishani kuna jambo ambalo modeli haikuelezwa, na la pili hulijui mpaka umuulize anayekaa pale. Tuseme mstari unaonyesha kiti 31 kimepandwa bila kulipiwa, moja kwa moja kutoka kimeshikwa.

"Shikamoo ami. Kiti 31 cha jana, mbona kimepandwa bila malipo?"

"Marahaba mwanangu. Yule mgonjwa, anapelekwa Mnazi Mmoja. Tumempakia, ndugu zake wakalipa Malindi."

Hilo si kosa la programu. Ni hali ya tano juu ya zile nne za mwanzo, kimetolewa kwa malipo ya baadaye, na ina mipito yake: inaingia kutoka kimeshikwa kwa idhini ya karani, inatoka malipo yakifika au safari ikifungwa bila malipo. Iongeze, kisha urudie hila ya kuthibitisha uongo kwa hali hiyo mpya. Kwa viti 20 mipangilio inapanda kutoka 1,771 hadi 10,626, na kikaguzi bado kitaimaliza.